Kupima maoni ya wananchi kuhusu sera: mwongozo wa kazi kuanzia swali hadi takwimu

Anayepima maoni ya uchaguzi ana siku ya kuumbuliwa. Kura zikishahesabiwa, kila mtu anaona alikosea kwa kiasi gani. Anayepima maoni kuhusu bima ya afya, tozo za miamala au ruzuku ya mbolea hana siku hiyo. Akitangaza kwamba wananchi 68 kati ya 100 wanaunga mkono sera fulani, hakuna sanduku litakalofunguliwa kumsahihisha. Takwimu yake itanukuliwa bungeni, itaandikwa magazetini, na huenda ikaamua nani alipe na nani asamehewe. Kwa hiyo uangalifu wote unapaswa kutangulia: katika maneno ya swali, katika namna ya kumpata mhojiwa, na katika hesabu za mwisho.

Mwongozo huu ni kwa asasi, chuo, chombo cha habari au kikundi cha watafiti kinachotaka kufanya utafiti wa maoni wa kitaifa Tanzania au Kenya. Tunasema “utafiti wa maoni” kwa makusudi. Kwa msikilizaji wa Tanzania, “kura ya maoni” ni kura ya kuamua jambo kama katiba, au mchujo wa wagombea ndani ya chama. Mdadisi akibisha hodi akasema amekuja kwa ajili ya kura ya maoni, nusu ya mazungumzo imeshaharibika.

Kwanza: andika uamuzi, ndipo uandike swali

Kabla ya dodoso, andika kwenye karatasi moja: ni uamuzi gani utafanywa kwa kutumia matokeo haya, na takwimu ipi itaubadilisha? “Tunataka kujua wananchi wanaonaje afya” haitoshi. “Tunataka kujua kama kaya za vijijini zinakubali uchangiaji wa lazima wa bima ya afya, na zinakubali kwa sharti gani” inatosha. Kila swali la dodoso lirudi kwenye karatasi hiyo. Lisilorudi, lifute. Mahojiano ya ana kwa ana yakipita saa moja, mhojiwa huanza kujibu ili umwache aende shambani, na majibu hayo huwezi kuyatofautisha na ya kweli.

Idadi ya wahojiwa

Hesabu ya msingi ni fupi. Kwa uhakika wa asilimia 95 (tafiti 95 kati ya 100 za namna hii), kiwango cha makosa, yaani umbali unaoweza kuwepo kati ya takwimu yako na ukweli, ni takriban 0.98 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa idadi hiyo. Kwa watu 385 unapata asilimia 5 juu au chini. Kwa watu 1,068, asilimia 3. Kwa watu 2,401, asilimia 2. Ndiyo maana Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, ambao kwa Tanzania hufanya kazi na taasisi ya utafiti ya REPOA na kwa Kenya na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hutumia sampuli za 1,200 au 2,400. Ukubwa wa nchi hauingii kwenye hesabu hii. Watu 1,200 wanatosha kwa taifa la watu milioni 5 kama wanavyotosha kwa taifa la watu milioni 60, ilimradi wamechaguliwa kwa haki.

Lakini hesabu hiyo inadhani umemwokota kila mtu peke yake kutoka nchi nzima, na hakuna anayefanya hivyo. Unakwenda kijiji kimoja na kuhoji watu kadhaa kwa pamoja. Majirani hufanana: wanatumia zahanati moja, barabara moja, soko moja. Mhojiwa wa nane kijijini anakuongezea habari ndogo kuliko wa kwanza. Kadiria hasara hiyo hivi: chukua idadi ya wahojiwa kwa eneo, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majirani (kuanzia 0, hawafanani zaidi ya watu wengine, hadi 1, wanafanana kabisa), kisha ongeza moja. Kama kufanana ni 0.1 na unahoji watu 8 kila eneo, unapata 1.7. Sampuli yako ya 1,200 ina nguvu ya watu 706, na kiwango cha makosa ni asilimia 3.7, siyo 2.8. Ukiamua kubana gharama za usafiri kwa kuhoji watu 20 kila eneo, unapata 2.9, nguvu inashuka hadi watu 414 na makosa yanapanda hadi 4.8. Kwa maswali ya huduma kama maji na umeme, kufanana kwa majirani huwa kukubwa zaidi. Ni afadhali maeneo 150 yenye watu 8 kuliko maeneo 60 yenye watu 20, hata kama mhasibu atalalamikia mafuta ya gari.

Jambo la pili ni makundi madogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar, yaani karibu asilimia 3. Ukigawa sampuli ya 1,200 kwa uwiano huo, Zanzibar inapata wahojiwa 37. Kwa watu 37 kiwango cha makosa ni zaidi ya asilimia 16. Ukiandika “Wazanzibari asilimia 60 wanaunga mkono”, ukweli unaweza kuwa 44 au 76. Kama unataka kusema lolote kuhusu Zanzibar, chukua wahojiwa wa ziada huko, tuseme 400, na uzirekebishe hesabu baadaye kama tutakavyoonyesha. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kaunti moja ya Kenya, kwa wafugaji, au kwa watu wenye ulemavu. Amua makundi utakayoyaripoti kabla ya kwenda uwandani, na usiyaongeze baada ya kuona matokeo.

Kuchagua maeneo

Orodha bora ni ya maeneo ya kuhesabia watu yaliyotengwa kwa ajili ya sensa. Kwa Tanzania Bara iombe Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa Zanzibar Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na kwa Kenya shirika la taifa la takwimu, KNBS. Omba mapema, huu ni mlango unaochelewesha kazi nyingi.

Panga orodha kwa mikoa (Tanzania ina 31, Kenya ina kaunti 47), na ndani ya kila mkoa tenganisha mjini na vijijini. Kisha chagua kwa uwiano wa idadi ya watu:

1. Andika idadi ya watu ya kila eneo, na pembeni yake jumla inayoongezeka kutoka juu hadi chini.
2. Gawanya jumla ya mwisho kwa idadi ya maeneo unayohitaji. Ukitumia 61,741,120 na maeneo 150, pengo ni 411,607.
3. Chagua kwa kubahatisha namba moja kati ya 1 na 411,607. Eneo ambalo jumla yake inaifikia namba hiyo ndilo la kwanza.
4. Ongeza 411,607 kila mara, na uchukue eneo unaloangukia.

Ukiwa na orodha ya watu wazima tu, itumie hiyo badala ya watu wote. Kosa linaloharibu hatua hii ni kubadilisha eneo kwa sababu ni mbali au barabara imekatika kwa mvua. Vijiji visivyofikika ndivyo vyenye maoni tofauti kuhusu barabara, zahanati na bei. Kama masika imefunga njia, subiri. Kama ni lazima kubadilisha, mbadala uchaguliwe ofisini kutoka kundi lile lile, na sababu iandikwe. Dereva wala mdadisi asipewe uamuzi huo.

Kuchagua nyumba na mtu

Timu inayofanya kazi vizuri ni wadadisi wanne na msimamizi mmoja. Kila mdadisi anahoji watu wawili katika eneo, jumla nane. Msimamizi anachagua mahali pa kuanzia kwa ramani, siyo ofisi ya kijiji wala dukani. Wadadisi wanatawanyika pande nne. Ili mtu asichague nyumba nzuri au isiyo na mbwa, tumia tarehe: jumlisha tarakimu zake. Tarehe 15 ni 1 na 5, basi anza nyumba ya sita. Baada ya hapo ruka idadi maalum ya nyumba, kwa mfano kumi mjini, na punguza pale makazi yalipotawanyika.

Nyumba siyo kaya. Nyumba ya kupangisha Manzese, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, ina kaya nane chini ya bati moja. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kulala hapo kwa kawaida. Ziorodheshe kaya, chagua moja, kisha orodhesha watu wazima wa jinsia inayohitajika kwa zamu hiyo (mwanamume, kisha mwanamke, kisha mwanamume) na uache kishikwambi kichague. Hapa ndipo wadadisi hushawishika zaidi. Mchana mama yupo, baba yupo, lakini aliyechaguliwa ni kijana wa bodaboda atakayerudi saa mbili usiku. Mdadisi mchovu atamhoji baba. Matokeo yake ni sampuli iliyojaa wakuu wa kaya, na swali la ajira ya vijana linajibiwa na wazee. Weka sharti: kurudi angalau mara mbili kwa saa tofauti kabla ya kuacha kaya hiyo. Akikosekana kabisa, nenda kaya nyingine kwa utaratibu ule ule, usibadilishe mtu ndani ya kaya.

Maneno ya swali

Hapa ndipo tafiti za sera huharibika zaidi, na hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Dodoso nyingi huandikwa Kiingereza kisha zikatafsiriwa usiku mmoja. Zinatoka Kiswahili sanifu kisichosemwa na mtu. Ziandike kwa Kiswahili tangu mwanzo ikiwezekana. Kama zilianza kwa lugha nyingine, mtu wa pili ambaye hajaona asili azirudishe kwenye lugha ile, na tofauti zijadiliwe neno kwa neno. Chunga maneno haya hasa:

Kodi. Ukimuuliza mpangaji “Je, unalipa kodi?” atasema ndiyo, akimaanisha ya mwenye nyumba. Kenya neno la serikali ni ushuru. Tanzania ushuru ni ule wa sokoni na forodhani. Dodoso moja kwa nchi mbili haliwezi kutumia neno moja. Taja kodi yenyewe: inayokatwa kwenye mshahara, iliyomo kwenye bei ya bidhaa, ya jengo. Kenya, ukitaka maoni kuhusu ushuru wa nyumba, eleza kwamba ni asilimia 1.5 ya mshahara anayokatwa mfanyakazi na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, la sivyo baadhi watajibu kuhusu kodi ya pango.

Kazi na ajira. Mkulima anayelima ekari tatu na kuuza mahindi atakuambia “sina kazi”, kwa sababu kazi kwake ni ya mshahara. Usiulize “Una kazi?” Uliza: “Katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukupatia fedha au chakula, hata kwa saa moja?”

Mfumuko wa bei. Wengi wanalisikia neno hili kama “bei kuwa juu”, kumbe ni kasi ya bei kupanda. Serikali ikisema mfumuko umeshuka, mwananchi anaona bei haijashuka, na wote wawili wako sahihi. Uliza kwa bidhaa: bei ya unga, sukari, mafuta ya taa, ikilinganishwa na mwaka jana mwezi kama huu. Mwezi una uzito wake: kabla ya mavuno bei ya mahindi hupanda, na mwezi wa Ramadhani bei za sokoni Pwani si za kawaida. Ukipima Februari mwaka huu na Agosti mwaka ujao, unapima msimu.

Majina ya taasisi. Kenya, mfuko wa bima ya afya wa NHIF ulipokewa na SHIF chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango kwa mwenye mshahara ukawa asilimia 2.75. Wahojiwa wengi bado husema NHIF wakimaanisha huo mpya. Mpe mdadisi maelekezo ya kuthibitisha, kwa maneno yaliyoandikwa, siyo ya kubuni pale pale.

Kisha kuna muundo wa swali. Usiulize kwa kukanusha. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa “Serikali isiongeze tozo?” akajibu “ndiyo”, anaweza kuwa anathibitisha kwamba isiongeze, na mwingine akatumia “ndiyo” hiyo hiyo kwa kuwa anaona iongeze. Kwenye data zote mbili zitaandikwa 1, na hakuna programu itakayozitenganisha. Vivyo hivyo “Je, huoni kwamba...” ni swali linalomsukuma mtu kukubali.

Usiunganishe mambo mawili: “Unaunga mkono serikali kuongeza kodi na kuboresha hospitali?” Anayetaka hospitali lakini hataki kodi atajibu nini? Na usiulize kitu kizuri bila bei yake. “Je, unakubali kila Mtanzania awe na bima ya afya?” litakupa asilimia 90 na zaidi ambazo hazina maana, kwa sababu hakuna anayewatakia wenzake wafe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ina upande wa mchango, na swali lazima libebe pande zote mbili. Njia nzuri ni kauli mbili zenye uzito sawa, urefu sawa, na kila moja ikiwa na gharama yake:

Kauli A: Kila kaya ilazimike kuchangia bima ya afya kila mwaka, hata ikiwa hakuna mgonjwa, ili gharama za matibabu zigawanywe kwa wote.

Kauli B: Kila kaya iamue yenyewe kujiunga au kutojiunga na bima, hata ikiwa wasiojiunga watalipa matibabu yote wenyewe wakiugua.

Mdadisi anasoma zote mbili, kisha: “Unakubaliana na ipi zaidi, A au B?” Mhojiwa akichagua: “Unakubaliana nayo sana au kidogo?” Kishikwambi kigeuze mpangilio ili nusu ya wahojiwa wasikie B kwanza. Faida kubwa ya muundo huu ni kuzuia tabia ya kukubali kila kitu kwa adabu. Mgeni akikuuliza “unakubali?”, ustaarabu wetu unasukuma kusema ndiyo, akikupa mbili uchague, inabidi ufikiri.

Kwa kiasi cha mchango, usitaje kiasi kimoja kwa watu wote. Kiasi cha kwanza kutajwa huwa nanga: majibu yanayofuata hushikwa hapo. Gawa wahojiwa kwa kubahatisha: wengine waanzie shilingi 50,000 kwa mwaka, wengine 100,000, wengine 150,000, kisha kiasi kipandishwe au kishushwe kulingana na jibu.

Mizani ya namba 1 hadi 10 huwachanganya wengi ambao hawakukaa darasani. Tumia maneno: nzuri sana, nzuri, mbaya, mbaya sana. “Kwa kiasi fulani” ni maneno ya ofisini. “Kidogo” linaeleweka kila mahali. “Sijui” isisomwe kwa sauti, lakini iwepo kwenye kishikwambi, na itengane na “amekataa kujibu”. Hizo ni habari mbili tofauti. Sijui nyingi kwenye swali la sera ni matokeo yenyewe: sera haijawafikia.

Mpangilio nao unapima. Anza na swali la wazi: “Kwa maoni yako, ni matatizo gani makubwa yanayoikabili nchi hii ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia?” Pokea hadi matatu, kwa maneno yake. Likija baada ya maswali kumi ya afya, afya itaongoza. Kama ulipokea majibu matatu, jumla itapita asilimia 100, na mwandishi wa habari aambiwe hivyo. Swali la kama amewahi kusikia sera husika litangulie swali la kama anaiunga mkono. Chama anachokipenda mhojiwa, kabila na dini viwe mwishoni. Na swali la mwisho kabisa liwe: “Unadhani ni nani ametutuma kufanya mahojiano haya?” Afrobarometer huliuliza, na ni swali lenye thamani kubwa. Utakuta wengi wanadhani ni serikali, ingawa waliambiwa vinginevyo mwanzoni. Linganisha majibu yao kuhusu utendaji wa serikali na ya wale wasiodhani hivyo. Utaona woga umekaa wapi.

Vibali

Tanzania Bara, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya ni tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji au mtaa; kwa Zanzibar ni sheha; kwa Kenya ni chifu na mzee wa mtaa. Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya 2015 ilirekebishwa 2018 na tena 2019, kwa hiyo soma toleo linalotumika leo, hasa kuhusu kuchapisha takwimu. Mwaka 2018 asasi ya Twaweza na COSTECH walivutana hadharani juu ya kibali baada ya matokeo ya utafiti wa maoni kutolewa. Weka nakala ya kila barua. Taarifa binafsi nazo zina sheria: Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Namba za simu na alama za mahali (GPS) zitenganishwe na majibu siku data inapofika.

Kiongozi wa mtaa apewe taarifa, asiandamane na mdadisi. Akikaa kwenye mkeka pembeni, majibu yote kuhusu serikali za mitaa yatakuwa mazuri.

Wadadisi na majaribio

Panga mafunzo ya siku tano, na siku moja kati ya hizo iwe mazoezi kijijini. Chagua wadadisi wanaojua lugha ya eneo, lakini wasitoke mtaa ule ule. Fanya mahojiano ya majaribio 30 hadi 50 nje ya sampuli, na baada ya kila swali gumu mwombe mhojiwa aeleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Swali ambalo watu watano kati ya kumi wanalieleza tofauti, liandike upya. Usilipe mdadisi kwa kila dodoso. Mlipe kwa siku. Malipo kwa dodoso ni njia ya moja kwa moja ya kupata mahojiano yaliyojazwa chini ya mwembe.

Kuingia nyumbani kuna utaratibu wake: hodi, subiri karibu, shikamoo kwa mkubwa, vua viatu panapostahili. Pwani na Zanzibar, mwanamke ahojiwe na mdadisi mwanamke. Ombi la ridhaa lisomwe kama lilivyo:

“Shikamoo mama. Naitwa fulani, natoka shirika fulani. Sitoki serikalini wala kwenye chama chochote cha siasa. Tunakusanya maoni ya wananchi kuhusu maisha na huduma. Nyumba hii tumeifikia kwa kubahatisha, kama mtu anayeokota karatasi ndani ya kofia. Jina lako halitaandikwa pamoja na majibu. Mazungumzo ni kama dakika 45. Unaweza kuruka swali lolote au kuacha wakati wowote. Unaniruhusu tuendelee?”

Usiseme nyumba imechaguliwa kwa “bahati nasibu”. Watu watauliza wameshinda nini. Andika pia nani alikuwepo wakati wa mahojiano: mume, mkwe, jirani, watoto.

Ukaguzi uwandani

Data zipelekwe kila jioni. KoboToolbox na programu nyingine za aina hiyo hufanya kazi bila mtandao na kutuma mtandao ukipatikana. Asubuhi angalia mambo manne: mahojiano ya dakika 15 pale yanapohitaji 45, mahojiano mawili ya mdadisi mmoja yaliyoanza kabla la kwanza kuisha, alama za mahali zilizorundikana sehemu moja, na mdadisi ambaye wahojiwa wake wote hawana watoto, hawana simu, hawajui sera, kwa sababu majibu ya “hapana” huruka maswali na kufupisha kazi. Msimamizi arudie angalau kaya 10 kati ya 100 akiuliza kama mgeni alikuja, alimhoji nani, na maswali matatu yasiyobadilika kama umri na elimu. Mahojiano ya kubuni yakithibitishwa, kazi yote ya mdadisi huyo ikaguliwe upya.

Kwa simu?

Simu ni nafuu na haraka, lakini ukipiga namba za kubahatisha unawapata zaidi wanaume, watu wa mjini na wenye laini mbili tatu. Mwanamke anayetumia simu ya mumewe humpati. Njia iliyo bora ni ya kuandikisha watu ana kwa ana kwanza, kisha kuwapigia. Sauti za Wananchi ya Twaweza ilianza hivyo: mwaka 2012 ilichagua kaya 2,000 Tanzania Bara na kuwapa wahojiwa simu na chaja za jua. Dodoso la simu lisipite dakika 20, na kauli mbili ziwe fupi zaidi, kwa maana mhojiwa hawezi kuziona wala kuomba kurudiwa mara tano. Hesabu wanaopotea kila awamu. Wanaobaki huwa na elimu na umeme zaidi ya walioondoka.

Kuwapa wahojiwa uzito

Rudi kwenye mfano wa Zanzibar. Umehoji watu 1,600 Bara na 400 Zanzibar. Zanzibar ni asilimia 20 ya sampuli lakini asilimia 3.06 ya nchi. Uzito wa kila mhojiwa wa Zanzibar (jibu lake lihesabiwe kama la watu wangapi) ni 3.06 ikigawanywa kwa 20, yaani 0.153. Bara ni 96.94 kwa 80, yaani 1.212. Takwimu ya taifa ihesabiwe kwa uzito huo. Takwimu ya Zanzibar peke yake haiuhitaji. Ukisahau, Zanzibar itahesabiwa zaidi ya mara sita ya ukubwa wake. Gharama ya kurekebisha ni nguvu kidogo: sampuli ya 2,000 inabaki na nguvu ya watu kama 1,700 hata kabla ya kukata hasara ya majirani.

Ndani ya kaya pia, anayeishi peke yake alikuwa na hakika ya kuchaguliwa. Mmoja wa wanawake wanne alikuwa na nafasi moja kati ya nne. Mpe uzito wa idadi ya watu wazima wa jinsia yake nyumbani humo, na weka kikomo, tuseme 4, mtu mmoja asije akabeba kijiji. Kisha linganisha umri, jinsia na mjini au vijijini na sensa. Kama unahitaji uzito wa 8 ili vijana watoshe, tatizo liko uwandani, na hesabu haitalitibu.

Kusoma na kutangaza

Asilimia 52 yenye makosa ya 3.7 haiitwi “wengi wanaunga mkono”. Iitwe “maoni yamegawanyika karibu sawa”. Ukilinganisha awamu mbili za watu 1,200, tofauti ya chini ya pointi 4 haithibitishi mabadiliko. Ukiweka hasara ya majirani ya 1.7, mpaka unakuwa pointi 5.2. Serikali ya Tanzania ilipopunguza tozo za miamala ya simu kwa asilimia 30 Septemba 2021, miezi michache tu baada ya kuzianzisha Julai, ilikuwa fursa ya kupima maoni kabla na baada. Kazi kama hiyo inahitaji swali lile lile, neno kwa neno, katika awamu zote mbili. Ukilirekebisha swali katikati, umepoteza ulinganisho, hata kama swali jipya ni bora.

Tangazo lako liwe na vitu hivi, bila kuombwa: aliyefadhili, tarehe za mahojiano, idadi ya wahojiwa, ana kwa ana au simu, jinsi walivyochaguliwa, kiwango cha makosa kikiwa kimehesabu hasara ya majirani, waliokataa ni wangapi, na swali kamili kwa Kiswahili kama lilivyosomwa, pamoja na asilimia ya “sijui”. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu kuchapisha tafiti za maoni ya uchaguzi inadai mengi ya hayo kwa tafiti za uchaguzi. Yatoe hata kwa za sera. Chati ya matokeo isianzie asilimia 40 ili tofauti ionekane kubwa. Data zilizoondolewa majina ziwekwe wazi pamoja na dodoso, ili mtafiti mwingine aweze kurudia hesabu zako, na nakala ya muhtasari wa ukurasa mmoja irudi kwa watendaji, masheha na machifu wa maeneo 150 uliyoyatembelea.